Kusafisha Kupi

Palikuwa na mji usiokuwa na jina, kwa sababu mwenye kuupa jina hakuwahi kuonekana, na watu wake waliogopa kuuita wenyewe wasije wakakosea. Wakitoka walisema natoka, wakirudi walisema nimerudi, mambo yakaenda. Siku za mji huo zilikuwa kama kuku wa jirani, zinaingia zinapotaka. Jumatano ilikuja ikakaa siku mbili, Ijumaa ikapita mbio hata salamu haikuacha. Hayo watu waliyazoea. Jambo moja tu hawakulizoea: katika mji huo mtu asiye na picha husahauliwa. Si kusahauliwa kule kwa "ah, fulani, siku nyingi." Ni kusahauliwa hasa. Picha yako ikiungua asubuhi, adhuhuri mama yako mzazi anakupisha njiani kama mgeni, na kitanda chako kimeanikwa mahindi. Wewe mwenyewe unajijua bado. Hapo ndipo penye uchungu. Unajijua, na hujuliwi.

Aliyeutawala mji huo aliitwa Mwenye Mji, na sura yake haikuwahi kuonwa na jicho la mtu. Kila nyumba iliamriwa kutundika fremu yake ukutani, na fremu ilikuwa tupu: ubao, kioo, na nyuma ya kioo hakuna kitu. Lakini ukipita mbele yake sauti ilishuka yenyewe. Watoto walijifunza kushusha sauti pale kabla hawajajifunza kutembea. Ndipo siku moja watu wakakusanyika uwanjani mbele ya ghala la chumvi, na kutoka kivulini, chini ya paa la ghala, sauti moja ikauliza: "Wewe unayetutazama, mbona hatukuoni?" Maneno manne tu. La nne lilikuwa lingali mdomoni. Dirisha la juu likafunguka, kamera ikachungulia, ikapiga picha moja, dirisha likafungwa.

Baada ya hapo Ofisi ya Sura ikapita nyumba kwa nyumba kukusanya picha zote, hata zile zilizofichwa ndani ya foronya, ikazichoma. Kila mtu akabaki na picha moja tu duniani, ile ya uwanjani, nayo ilikuwa ingali ndani ya filamu, haijasafishwa. Ilikuwemo, ila haijaonekana. Mji mzima ukawa unaishi mle, ndani ya kikopo cha bati chenye ukubwa wa yai, na kila aliyeulizwa alisema hakwenda uwanjani. Walioachiwa picha zao walikuwa watumishi wa Ofisi, waliozivaa kifuani kwenye kadi, na mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani. Huyu aliachiwa kwa sababu alikuwa wa mwisho aliyejua kusafisha filamu.

Maana huko, kama kwingineko kunakosemwa lugha hii, filamu husafishwa. Unaiingiza gizani, unaiosha kwa dawa, na nyuso zilizokuwa zimelala ndani yake zinaamka. Neno ni hilo hilo la kusafisha sufuria, la kusafisha kidonda. Sikudhani alilitumia miaka yote bila kulitazama usoni, kama mtu anavyotumia mlango wa nyumba yake.

Asubuhi ya siku tunayoisema, mumewe alikuwa ukumbini anafunga sindano zake ndefu kwenye kitambaa. Mumewe aliitwa Feruzi, mshona magodoro, mtu mwenye upara na maneno mengi.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, lakini kifupi. Chai inapoa."

"Akioga anachafuka, akichafuka anajulikana."

Sikudhani akacheka. "Hicho ni changu, unanirudishia mwenyewe. Filamu."

"Kumbe nimeoa msomi."

"Umeoa mwenye macho. Siku ile ulirudi na chokaa begani."

Feruzi akaendelea kufunga sindano, moja, ya pili, ya tatu. "Chokaa iko kila ukuta."

"Ya ghala la chumvi ni ya rangi ya maziwa."

"Siku," akasema. Alimwita Siku tangu uchumba wao, kwa kukata jina. "Siku, mimi sikwenda. Na kama ningekwenda ningesimama kivulini. Jua la pale halimfai mtu asiye na nywele."

Akanywa chai yake kwa mikupuo miwili, akatoka. Mke akabaki ameshika kikombe kitupu. Alikuwa na akili zake timamu. Picha zote za Feruzi zilichomwa, naye bado anamkumbuka, anakumbuka hata anavyokoroma. Basi yumo ndani ya filamu ile. Alikwenda. Na sauti iliyotoka kivulini siku ile, hata yeye aliyekuwa nyumbani aliisikia ikipita juu ya mapaa, na aliijua kama anavyoijua sauti ya kufuli lake.

Tangu siku ile ya uwanjani hofu ilikaa naye kama harufu ya dawa inavyokaa kwenye nguo: unafua, unaanika, unavaa, na bado mtu akikukaribia anaisikia. Alihofu kuamka. Alihofu kulala. Alihofu mtu atakayekuja na kikopo, na alihofu zaidi kwamba hatakuja, kwamba wataishi hivyo milele, watu ambao wamo na hawajaonekana, wanaongea kwa sauti ndogo mbele ya kioo kisicho na mtu. Wakati mwingine akipita mbele ya fremu ile alijiuliza: anatuona kweli, au tunajiona wenyewe kwa hofu yetu tukadhani ni yeye? Akishajiuliza hivyo alitazama nyuma haraka. Hakuna mtu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, hakuna mtu.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingia karani wa Ofisi ya Sura, mwembamba, kadi kifuani, jasho shingoni. Mkono wa kulia kikopo cha bati, wa kushoto waraka wenye mhuri. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekalia kitu cha mwenzake.

"Bi Sikudhani. Filamu hii. Isafishwe kabla ya alasiri."

Sikudhani akausoma waraka. Ulikuwa na neno moja tu juu ya mhuri: ISAFISHWE. Akausoma tena, na safari hii neno likamtazama.

"Kusafisha kupi, Bwana Karani?"

"Kupi vipi? Kusafisha."

"Kuna kusafisha kwangu mimi, kwa dawa, watu wakatokea. Na kuna kusafisha kwenu nyinyi, kama mlivyosafisha mtaa wa wafua bati. Kule watu hawakutokea."

Karani akanyoosha mkono. Akauchukua waraka, akaugeuza nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Sikuwa nimelifikiri hilo," akasema.

"Si ungemuuliza aliyekutuma."

"Nimuulize? Bi Sikudhani, ukiuliza umeonyesha hukuelewa. Aliyekuwa na meza kabla yangu aliandikiwa aje mapema, akauliza mapema ni saa ngapi. Meza yake ndiyo ninayokalia."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kuona mtu wa Ofisi anaogopa, na hilo halikumpa nafuu. Kama hata hawa wanaogopa, basi hofu haina mwenyewe. Inazunguka tu nyumba kwa nyumba kama ugonjwa, na hakuna aliyeileta.

"Tutaisafisha kwa kusafisha kwangu," akasema. "Kwenu sikukusomea."

"Safisha unavyojua. Lakini nitakaa nione."

"Gizani hutaona kitu."

"Nitakaa nisione."

"Basi niambie jina lako. Nisije nikaita 'karani' humo gizani akaitika mwingine."

Yule mtu akajipapasa mfukoni, kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Pandu," akasema.

Chumba cha kusafishia kilikuwa nyuma, hakina dirisha, na mlango umebandikwa mpira wa gurudumu pembeni usipitishe hata uzi wa mwanga. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua la kupasua kichwa nje, na mle ndani giza lilikuwa kamili. Filamu ya namna ile haivumilii hata taa nyekundu. Sikudhani akakifungua kikopo kwa vidole, akaitoa filamu, akaanza kuizungusha kwenye kigurudumu chake. Filamu ilikuwa baridi, inateleza, imejikunja kama inataka kurudi ilikotoka. Akaipapasa pembeni tu, maana ukishika katikati unamwachia mtu alama ya kidole usoni.

Gizani mtu huanza kupungua. Kwanza miguu, kisha kiwiliwili, mpaka unabaki vidole na pumzi. Na pumzi nayo huijui ni ya nani.

"Bi Sikudhani, upo?"

"Nipo."

"Sema kitu. Chochote."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina taa, na wageni wote huja na nyuso zao."

Kisha sauti ya Pandu, ndogo: "Kaburi."

"Ni hili kopo la kusafishia, Bwana Pandu. Lakini hukukosea sana."

Akakitia kigurudumu ndani ya kopo, akafunga kifuniko kile chenye mdomo unaopitisha maji na usiopitisha mwanga. Akawasha taa. Pandu alikuwa amejibanza pembeni, mikono miwili imeshika kadi ya kifuani.

Sasa ikabaki dawa.

Chupa zilikuwa tatu, za rangi ya kahawia, zimepangwa juu ya ubao. Alirithi kuzitengeneza kwa shangazi yake, marehemu Bi Zamda, aliyemfundisha kazi na kumfundisha vitendawili kwa pamoja, hata baadaye asijue lipi lilikuwa somo na lipi lilikuwa mchezo. Bi Zamda alizipa chupa majina kama watoto. Wa kwanza aliitwa Kali. Kali hufanya kazi dakika tano, mbio mbio. Cheupe anakifanya cheupe, cheusi anakifanya cheusi, katikati haachi kitu. Aliyesimama juani, Kali humtoa kama amechongwa. Aliyesimama kivulini humzamisha, hutamwona tena. Wa pili aliitwa Laini. Laini anaingia kivulini polepole na kumshika mkono kila aliyejificha, anamleta mbele. Lakini kwa muda anaohitaji kule kivulini, wenye jua wanaungua, nyuso zinakuwa sahani tupu. Bi Zamda alikuwa akisema, mwanangu, dawa haimuumbi mtu, inaamua tu nani atangojwa.

Kali, basi, akawaza. Kali, na Feruzi anazama kwenye kivuli cha ghala. Ofisi haitamwona. Wanaomtafuta ni aliyeuliza, na aliyeuliza yuko kivulini. Hawatamwita. Wanaoitwa na Mwenye Mji hawarudi. Atapona, atatembea, atashona magodoro yake. Na mimi jioni nitamkuta ukumbini, nitashika ufagio, nitasema wewe nani. Miaka ishirini na mbili. Wewe nani. Hapana. Laini, basi. Laini, na sura yake itoke nzuri, ya kwake, nimkumbuke mpaka nife. Watamwita. Nitamkumbuka. Na waliosimama juani? Mji mzima ulisimama juani. Mama anayeniuzia maziwa. Watoto waliobebwa mabegani. Watu wote hao waungue ili mimi nibaki na mtu wangu kichwani. Kichwani, si nyumbani. Hapana. Mwanamke gani huyo. Nani amenipa chupa hizi. Nani alisema mimi ndiye nichague, hata kusoma sikufika mbali. Huyo asiyeonekana amekaa kwake, hakuchagua kitu. Ametuma neno moja tu. Amenitumia neno, na mikono itakayofanya ni yangu.

Hapo akaelewa jambo, na kulielewa kukamtisha kuliko kutolielewa. Utawala wa mtu yule haukuwa na mikono. Ulikuwa unaazima.

"Saa inakwenda," akasema Pandu.

"Najua."

Akaichukua chupa ya tatu. Huyu Bi Zamda alimwita Mvivu. Unachukua kijiko kimoja tu cha Mvivu, unakizimua kwa maji mengi, unamimina ndani ya kopo, unaliacha saa nzima bila kuligusa. Penye mwanga mwingi dawa inachoka upesi, inalala. Penye giza haijachoka, inaendelea kufanya kazi yake kidogo kidogo, mpaka wa juani na wa kivulini wanafika pamoja. Hakuna anayeungua na hakuna anayezama. Sikudhani aliyapima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Yalikuwa sawa. Alijua anachokifanya: alikuwa anaupa mji uzima wake, anajipa mwenyewe kumbukumbu ya mumewe, na mumewe anamtoa mbele za watu. Alijua, na mkono wake ukamimina.

"Hutikisi?" Pandu akauliza. "Niliambiwa filamu hutikiswa."

"Huyu hatikiswi."

"Na tukisubiri tunafanya nini?"

"Tunasubiri."

Wakasubiri. Katika saa ile moja, nje, alasiri ilifika mara mbili na kurudi. Waliisikia ikipita uchochoroni na kelele zake, kisha jua la saa sita likarudi mahali pake. Pandu alitembea hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Mara mbili aliunyoosha mkono kuelekea kopo, na mara mbili Sikudhani akampiga kofi dogo juu ya vidole.

"Wewe mtu mzima, tulia. Ukilitikisa, wale wa juani wanaamka tena."

"Bi Sikudhani, unadhani humo ndani wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba ndiyo leo."

Sikudhani naye alikuwa anajiuliza hilo hilo. Alikuwa anamwona Feruzi ndani ya kopo, amesimama katika maji ya vuguvugu, giza mbele yake, giza nyuma yake, na kitu kisichoonekana kinampapasa uso polepole, pua, kidevu, kope, kama kipofu anayetaka kumjua. Na halafu, bila kutaka, akajiona mwenyewe mle. Akaona nyumba yake ina kifuniko. Akamwona mtu mkubwa amekaa nje na saa mkononi, hawatikisi.

Saa ilipotimia akamwaga dawa, akatia maji yenye siki kidogo ya kuituliza, kisha ile dawa ya mwisho inayoikaza picha isiogope tena mwanga. Akasuuza. Akafungua kopo. Akaivuta filamu ikiwa inachuruzika, akaishika mbele ya taa. Picha ilikuwa moja, pana, na kwenye filamu mambo hugeuka, jua likawa jeusi, kivuli kikawa cheupe kama maji. Pandu aliona mabaka tu. Lakini Sikudhani alizisoma picha za namna hiyo kama wengine wanavyosoma barua.

Walikuwepo wote. Mama wa maziwa, wachukuzi wa chumvi, mwalimu, walinzi wenyewe wa Ofisi. Mji mzima uliosema haukwenda ulikuwa umesimama pale, kila mtu na uso wake, hata wa mwisho kabisa, nyuso ndogo kama punje za mchele. Akashuka kwa kioo cha kukuzia mpaka kivulini, chini ya paa. Kivulini walikuwa wawili. Feruzi, mdomo wazi, anauliza. Na mwingine, kichwa kimegusana na kichwa cha Feruzi, midomo sikioni kwake, anamnong'oneza.

Akakiteremsha kioo. Akamtazama Pandu.

"Ni wewe," akasema.

Pandu akakaa chini sakafuni, taratibu, kama nguo inayoanguka kwenye kamba.

"Swali lilikuwa langu," akasema. "Nilikaa nalo miaka. Sauti ndiyo sikuwa nayo. Nilisimama karibu na mtu nisiyemjua, nikamwambia sikioni, kaka, nisemee. Akaniuliza kitu kimoja tu, kisha akasema sawa. Hivyo tu, sawa, kama nimemwomba anishikie kikapu. Nikamnong'oneza neno moja moja, naye akalitoa moja moja." Akajifuta uso. "Kesho yake nikaomba kazi Ofisini. Nilifikiri, nani atamtafuta anayetafuta."

"Huyo mtu ni mume wangu."

Pandu akatikisa kichwa kukubali, wala hakushangaa. Mshangao ulikuwa umemwishia zamani. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi mdogo, wa kukatia kucha.

"Wataletewa filamu, watakuta kivuli kina tundu. Watasema mende. Watu wa Ofisi hawaulizi, nimekwambia. Mimi kadi yangu ninayo, sitasahauliwa. Lakini vichwa vimegusana, Bi Sikudhani. Mkasi haupiti katikati. Nikijikata mimi nimemkata na yeye, na kipande sitakiacha, nitakichoma."

"Na nikikataa?"

"Nitaipeleka ilivyo. Kesho tutaitwa wawili, mimi na yeye. Wewe utamkumbuka." Akaangalia mkasi. "Ningeweza kukata nisikuulize. Lakini yeye aliniuliza kabla hajaniazima sauti. Aliniuliza, una hakika? Basi na mimi nakuuliza."

Sikudhani akakirudisha kioo kwenye filamu. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Hakuwahi kumwona namna ile. Nyumbani Feruzi aliongea sana, na mtu anayeongea sana unamzoea, humwoni. Hapa alikuwa amesimama kimya ndani ya kelele yake mwenyewe, shingo imevimba, upara unang'aa hata kivulini, na usoni hana hofu hata ya dawa. Alikuwa hai kiasi cha kutisha. Ndipo Sikudhani akaona kosa lake. Alipomchagua Mvivu alikuwa amejichagulia yeye mwenyewe: kumbukumbu, picha, mtu wa kumlilia. Alikuwa amechagua kumshika Feruzi, na kwa kutaka kumshika akashindwa kumwona huyu aliye hai. Akiitwa kesho, uso huu utakwenda mahali pasipo na mtu, na yeye atabaki na punje ya mchele.

"Ngoja," akasema.

Akachukua kalamu ya wino aliyoandikia chupa, akaandika kiganjani mwake, kwa herufi za shule ya msingi, kubwa, moja moja: FERUZI. Akapuliza wino ukauke. Z ilikuwa imetoka imepinda.

"Haya," akasema. "Kata kabla sija..."

Mkasi ukapita. Kikatoka kipande kidogo kuliko ukucha. Pandu akawasha kiberiti, kipande kikajikunja, kikatoa moshi mchungu, kikaisha.

"...sija," alisema Sikudhani, na neno likamwisha mdomoni.

Wakasimama wote wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.

"Tulikuwa tunasema nini?" akauliza Pandu.

"Filamu. Ina tundu."

"Mende," akasema Pandu, kwa uhakika kama mtu aliyesomewa. "Siku hizi mende wanakula kila kitu."

"Hapa ndipo makao yao."

Akaikausha filamu kwa pumzi na kitambaa, akaizungusha, akaitia ndani ya kikopo. Pandu akaagana naye kwa heshima, akatoka, na alasiri ikaingia, safari hii ikakaa.

Sikudhani akazisuuza chupa. Aliona anaogopa, na akatafuta anachokiogopa, hakukiona. Kazi ilikuwa imekwisha, waraka umetimizwa, watu wote wa mji wamepona. Hata hivyo moyo ulikuwa unampiga kama umeachwa nyumba tupu. Alipokuwa anafuta mikono akaona kiganjani mwake maandishi, ya mkono wake mwenyewe: feruzi. Akayatazama kwa muda. Lile jiwe la buluu, la kutia kwenye pete. Yeye hakuwa mtu wa mapete. Labda alitaka kununua. Labda aliagiza mahali akaandika asisahau. Akajaribu kuyafuta kwa maji, wino ukagoma, na kwa sababu asiyoijua akaona afadhali umegoma.

"Hodi."

Mlangoni palikuwa na mwanamume mwenye upara, sindano ndefu zimefungwa kwenye kitambaa, jasho la kutwa mwilini. Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani, kama mtu aingiaye kwake, na tabasamu lilikuwa limeshaanza. Halafu akayaona macho ya Sikudhani. Katika mji ule kila mtu aliyajua macho ya namna ile. Tabasamu likabaki pale pale, halikwenda mbele wala halikurudi. Akautoa mguu, akauweka nje ya kizingiti.

"Karibu, baba," akasema Sikudhani, na sauti yake ilikuwa na hofu, maana mgeni alikuwa anamtazama namna ambayo wageni hawatazami. "Unamtafuta nani?"

Macho ya yule mtu yalishuka mpaka kwenye mkono wa Sikudhani, yakakaa pale juu ya herufi, moja moja, mpaka ile Z iliyopinda.

Sikudhani akaufunga mkono, kisha akaufungua. "Samahani. Wewe ndiye uliyeagizwa kuleta feruzi?"

"Ndimi," akasema yule mtu.

"Iko wapi?"

"Imechelewa njiani." Akatua mzigo wa sindano chini, nje, pembeni ya mlango, polepole, asimtishe. "Nitaingoja hapa barazani, kama huna neno."

"Itachukua muda?"

"Sijui, mama. Huenda ikachukua."

Sikudhani akafikiri. Alikuwa anamwogopa mtu huyu, miguu yake yote ilikuwa inamwogopa. Akamletea kigoda.